Geji Husoma, Ulimi Huamua

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesimamisha mstari mzima wa soda ya chungwa. Soda imekufa. Nimeionja, nikaitema, nikasukutua kwa maji ya uvuguvugu, nikaionja tena — maji ya sukari yenye rangi. Ungeweza kumwogeshea mtoto.

Spana akaja mbio na geji yake. Spana ndiye fundi wa mitambo. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Geji ni kale kadude kanakotoboa kizibo: unatikisa chupa, mshale unapanda, unakuambia gesi iko kiasi gani. Mshale ukasimama palepale pa siku zote. Akaniwekea karibu na pua, akaniambia shemeji, soma mwenyewe. (Ananiita shemeji tangu siku alipomwona dada yangu mkubwa getini akiniletea mwavuli. Dada Mkubwa hana habari kwamba ameshaolewa.)

Nikamwonyesha ukuta. Chumba cha kuonjea, kando ya sinki, rangi nyekundu: GEJI HUSOMA, ULIMI HUAMUA. Aliandika mzee mwenye kiwanda, sasa marehemu, mwaka ule geji ilipokwama ikadanganya wiki nzima, tukauza maji matamu hadi wenye maduka wakarudisha kreti pamoja na matusi. Tangu hapo hakuna chupa inayotoka bila ulimi. Na ulimi ni mimi. Hata jina ndilo hilo. Ulimi kafika? Mwulizeni Ulimi. Shule niliishia darasa la saba, lakini nikisema soda imekufa, inazikwa.

Meneja hata geji hakuitazama. Aliuliza tu kama mama amesema imekufa. Nikasema imekufa. Akamgeukia Spana kama mtu aliyekuta mbwa amepanda kochi.

Ikamwagwa yote. Mfereji ulikuwa rangi ya chungwa mpaka nje ya geti. Spana aliusindikiza kwa macho kama jeneza la ndugu yake.

Naudhika. Mtu ana mtambo mmoja tu wa kuangalia! Mimi nina ulimi mmoja na sijawahi kuuacha ukalala.

Sketi nayo. Nimeibana kwa pini tena, na kila nikiinama kuchukua chupa inanichoma kiunoni. Mwaka jana nilikuwa nabana pumzi ili iingie.


Jumatano, 5 Machi

Shangazi amekuja kunisalimia, maana yake kunikagua. Alinizungusha pale mlangoni kama anayenunua kabati. Kisha akashusha sauti akamwuliza Dada Mkubwa kama nimepima. Mimi nipo! Nimeshika birika la chai, nipo!

Dada Mkubwa akamwambia ni dawa mpya tu. Shangazi akatoa ile "ahaa" ndefu ya mtu asiyeamini, akanipapasa kiganja, akasema, "Kula, mwanangu. Kula tu. Siku hizi watu wanaishi nayo miaka mingi."

Kazini ni hayohayo. Wasichana wa kubandika lebo wakiniona wanakatiza mazungumzo. Mmoja ameanza kunihurumia waziwazi. Leo kaniachia kiti. Mwaka jana walikuwa wananiita Kreti. Kreti lilikuwa na raha yake, halikuhurumiwa.

Kinachochekesha, kama kuna kinachochekesha: wameniotea ugonjwa, wamekosea. Wa kweli hawaujui. Kifafa ninacho tangu nikiwa msichana. Kina adabu yake: hunijia nyumbani tu, alfajiri, kabla sijaamka sawasawa. Aliyekuwa mume wangu alikiona mara moja, akakumbuka ana safari. Hajarudi hadi leo. Kazini nilisema nina presha, na presha kila mtu anaiheshimu.

Sitasema vingine. Nilimwona yule bwana wa mashine ya kuoshea chupa alivyoanguka. Povu likamtoka. Watu waliozoea povu kutwa nzima wakakimbia povu la mdomoni mwake. Kesho yake kikombe chake cha chai kilitupwa, keshokutwa akatupwa yeye. Eti kwa usalama wake, mitambo ni hatari.

Ile dawa ya zamani ilininenepesha. Nilikuwa nala, nanawa mikono, naanza kuwaza kula. Na bado nilikuwa naanguka. Mwishoni mwa mwaka daktari wa neva akaniambia kuna dawa mpya zaidi, tujaribu, tutapandisha polepole. Tangu kipimo kifike palipotakiwa sijaanguka hata mara moja. Dada Mkubwa amerudi kulala chumbani kwake — miaka yote hii alikuwa analala kwenye godoro chini, miguuni pangu, kama askari wa benki.

Boksi la dawa lina karatasi yake, imekunjwa mpaka ukiifungua hairudi. Niliisoma kwa taabu, neno moja leo, jingine kesho. Nilipofika kwenye "kupungua uzito" nilifurahi sana, nikaikunja.


Ijumaa, 7 Machi

Spana amepandisha gesi. Nimeonja: imekufa. Akapandisha tena. Imekufa, labda inapumua kidogo. Akanitazama kwa jicho la mtu anayeombwa kubeba friji mara ya pili. Akasema geji imeshavuka alama, vizibo vinaanza kunung'unika. Nikamwuliza nani anaamua hapa.

Akapandisha.

Nikasema basi, heri hiyo. Kusema kweli haikuwa heri, ila saa ya kutoka ilifika na vidole vilikuwa vinanisumbua. Vimekuwa vinachomachoma kama nimeshika upupu, mikono yote miwili, na midomo pia. Nimeshindwa hata kuhisi baridi ya chupa vizuri. Uzee huu umekuja bila hodi.


Jumamosi, 8 Machi

Nimelala hadi jua limeingia chumbani. Hakuna kilichotokea. Dada Mkubwa alichungulia mlangoni, akaona ninapiga miayo tu, akaondoka akiimba. Anaimba vibaya. Aimbe.


Jumanne, 11 Machi

Balaa.

Jana mchana jua lilikuwa kali, paa la ghala ni bati tupu. Chupa zikaanza kupasuka. Moja, kimya, nyingine, kisha kreti zima kwa mpigo. Ile soda ya Ijumaa. Ile niliyosema "heri hiyo."

Wapakiaji walitoka nduki. Spana aliingia. Nani aingie tena kama si yeye? Alikuwa anazimwagia maji zipoe. Chupa ikapasuka karibu yake, kigae kikamchana mkono kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko. Ameshonwa. Nilimfunga kwa kitambaa changu tukisubiri gari, na hata hapo alikuwa ananiambia nimpelekee dada yangu salamu, nimwambie mchumba wake ameumia vitani.

Na mjini mwenye duka mmoja amefungua chupa, kizibo kikamvunja kioo cha miwani. Amekuja na miwani yake hapa kiwandani, kioo kimoja kipo, kingine hakipo, akimtafuta meneja kwa jicho lililobaki.

Meneja alituita leo. Akamwuliza Spana nani alimwambia apandishe gesi. Spana akasema Ulimi alisema imekufa. Mimi nikaitikia, ndiyo, nilisema. Nilidhani nimemsaidia.

Meneja akafikiri hivi — namwandika kama alivyo: Ulimi haujawahi kukosea. Kama Ulimi ulisema imekufa, mtambo ni mbovu, na mtambo ni wa Spana. Kama mtambo si mbovu, basi Spana amejaza gesi bila sababu na kuvunja chupa za watu. Achague mwenyewe. Mstari wa chungwa usimame, mingine iendelee. Jumatatu tarehe ishirini na nne, jeraha likishafungwa, ataurudisha mtambo kwenye kipimo cha zamani, Ulimi ataonja mbele yetu wote, na hapo tutajua Spana anaondoka kwa kosa lipi.

Hakusema tutajua kama anaondoka.

Nimerudi nyumbani nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani. Nimemkaripia Dada Mkubwa kwa ajili ya kijiko.


Jumatano, 12 Machi

Nimepata wa kumkasirikia.

Jioni Dada Mkubwa alinunua soda mbili dukani. Si zetu, za washindani, ananunua makusudi kunichokoza. Nikapiga funda. Imekufa! Nikacheka kwa sauti, nikamwambia aone, hata hawa wamekwisha, nchi nzima haina gesi. Nikaanza kumwonea huruma fundi wao.

Dada Mkubwa akapiga funda lake, kutoka chupa yangu ileile. Macho yakamjaa machozi. Akashika pua. Akateuka kiasi cha kumshtua paka.

Nikamwomba apige tena. Akapiga, akateuka tena. Nikanywa mimi. Sukari na maji.

Nilikaa na ile chupa mpaka ikapata joto. Niliiinua kwenye taa: mapovu yanapanda mstari mmoja mmoja, kazi yao yanaifanya. Niliweka sikio: inachemka. Niliweka kwenye ulimi: hakuna mtu nyumbani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimo kinywani.

Soda yote ile tuliyoimwaga. Mkono wa Spana. Miwani ya mwenye duka.

Nikaitoa ile karatasi ya dawa na kuanzia pale nilipoikunjia. Kupungua uzito. Mstari unaofuata — unaofuata! — ganzi na kuchomachoma vidoleni. Unaofuata huo: mabadiliko ya ladha. Ningekuwa na uvivu mdogo kidogo tu kuliko nilionao, ningeyajua haya mapema.


Ijumaa, 14 Machi

Kliniki. Daktari wa neva ni binti mdogo kwangu, ana saa kubwa mkononi na hajawahi kufika kwa wakati. Nilimweleza. Nilitarajia aseme ni mawazo. Akaniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nilikuwa sijawahi kumwambia, nilimwandikia "kiwandani." Nilipomwambia naonja soda aliweka kalamu chini.

"Mama, kati ya kazi zote duniani!"

Amenieleza vizuri, lazima nimpe haki yake. Gesi ya soda na gesi tunayoitoa tukipumua ni ileile. Mwilini kuna kifanyakazi kidogo, hakionekani kwa macho, kazi yake kuishughulikia gesi hiyo: kwenye damu, kwenye figo, hata kwenye ulimi. Dawa yangu imekuja kutuliza ubongo, lakini njiani inakifunga mikono kifanyakazi hicho. Ni kama fundi uliyemwita azibe bomba, akaziba, kisha akakuhamishia na vyombo vyote vya jikoni. Ndiyo maana ulimi hausikii ukali wa soda. Ndiyo maana vidole vinachoma. Unene unayeyuka, njaa imekwenda likizo.

Ladha, anasema, ni dogo. Akanionyesha majibu ya damu: asidi imezidi, kile cha kuizimua kimepungua. Ndiyo sababu nikipanda ngazi za ghala napumua kama nimekimbizwa. Nilidhani ni mwili mpya haujazoea ngazi. Ikiachwa hivi inaweza kula mifupa, na inaweza kutengeneza mawe kwenye figo. Nimepewa vidonge vya kuzimua hiyo asidi, ninywe maji mengi, nirudi kupima damu. Kama haitatulia, tutabadilisha dawa polepole, wiki kwa wiki, huku nyingine ikiingia.

Nikamwuliza kama ulimi utarudi kabla ya tarehe ishirini na nne.

Akaniangalia. Akasema sentensi moja na akaigonga mezani kwa kidole, neno kwa neno: "Usiiache ghafla. Kifafa kinachofunguliwa kamba ghafla hurudi na hasira."

Akasema pia kama kuna mtu kazini anahitaji kueleweshwa, yeye yuko tayari kuongea naye kwa simu, nimpe tu namba yake. Nikasema hapana, asante, kazini kwangu watu ni waelewa sana.

Njiani nilicheka peke yangu. Yeye anapima damu, mimi napima soda, wote wawili tunatafuta gesi moja. Ya kwake imenivuruga damu, ya kwangu haionekani.


Jumatatu, 17 Machi

Nimepata mbinu. Spana yuko nyumbani na mkono wake, geji iko kwenye droo. Asubuhi naingia mapema, natoboa chupa, nasoma. Wanapokuja wengine nasukutua, naonja, nafumba macho, naacha kimya kidogo — kile kimya ndicho wanachokipenda — kisha nasema kile geji ilichoniambia. Safi. Pungufu kidogo. Safi.

Miaka yote hii sikujua kazi yangu ni rahisi hivi. Meneja amepita, amenisifu mbele ya wasichana wa lebo. Yule wa huruma aliniletea maji.

Vidonge vya kuzimua asidi vinajaza tumbo hewa. Yaani gesi ipo, ila mahali pasipofaa.


Alhamisi, 20 Machi

Spana amerudi kazini tangu jana. Mkono bado una bandeji. Alikuja chumba cha kuonjea na chupa imefungwa vizuri, akasema ametoa mstarini sasa hivi, nimwambie. Sikuwa nimepata nafasi ya kuitoboa. Niliitazama mkononi mwake, rangi nzuri. Nikasukutua, nikaonja, nikafumba macho, nikaacha kimya.

"Safi," nikasema.

Spana akachukua kitambaa, akafuta mdomo wa chupa, akaiweka kwenye sinki taratibu. Akasema ile chupa aliifungua jana, akaiacha wazi kwenye dirisha la karakana usiku kucha, asubuhi akaifunga kizibo kipya kwa mkono. Haina gesi hata ya dawa.

Hata ya dawa. Hakujua alichosema.

Nikakaa. Nikamwambia. Yote, kuanzia usichana. Nilitazama sakafu, maana nilishajua jinsi watu wanavyosogea nyuma, sikutaka kuiona miguu yake ikifanya hivyo. Haikusogea. Viatu vyake vina matone ya grisi upande wa kushoto tu, sijui kwa nini.

Nilipomaliza alikuna bandeji kwa muda.

"Mimi sitasema, shemeji. Siri yako ni yako. Lakini Jumatatu ukisema imekufa, mtambo wangu mbovu, naondoka. Ukisema safi, niliharibu makusudi, naondoka. Sasa Jumatatu utasema nini?"

Nikasema sijui. Akaitikia kwa kichwa kama nimemjibu, akarudi kwenye mtambo wake.

Angenitukana. Ningejua la kufanya.


Ijumaa, 21 Machi

Jana jioni sikumeza. Leo asubuhi sikumeza. Dada Mkubwa huniwekea kidonge kwenye kisahani cha chai. Nimekitia mfukoni, nikatabasamu. Mtu mzima na akili zake.

Hesabu yangu ni hii: ulimi ukirudi, Jumatatu nitaonja kwa haki. Nitasema, "Meneja, ni safi, na siku ile mimi nilikuwa na mafua." Mafua! Nani anafukuzwa kwa mafua? Spana anabaki, mimi nabaki, kifafa kinabaki nyumbani kwake. Kisha nitaendelea na dawa kama kawaida.

Nimejaribu soda jioni. Kama kuna kitu. Ncha tu ya ulimi — kama mtu ananiita kutoka mtaa wa tatu.


Jumamosi, 22 Machi

Kuna kitu! Nimepiga funda, kimenifinya. Kidogo sana, lakini kimenifinya. Nimecheka.

Dada Mkubwa kaniuliza nacheka nini. Nikasema Spana anamsalimia. Akauliza Spana ndiye nani.


Jumapili, 23 Machi

Alfajiri.

Nimeanguka. Kubwa. Dada Mkubwa anasema kubwa kuliko zote alizoziona, na ameziona zote. Alisikia kitanda. Sikumbuki kitu. Kichwa kinauma, bega linauma, shuka limelowa.

Nimejiuma ulimi. Upande wa kulia, meno yamezama. Umevimba, haukai mdomoni.

Nimejiuma ulimi! Nimeacha dawa ili niokoe ulimi.

Alipofua sketi yangu alikuta vidonge mfukoni. Aliviweka mezani mbele yangu. Hakunigombeza. Ameingia chumbani kwangu na godoro lake, amelitandika miguuni pa kitanda, amepiga mto mara mbili kuupanga, kama zamani.

Tumempigia daktari simu, simu yake ya mkononi. Alipokea kabla haijalia mara ya pili. Kumbe kuna mahali anafika kwa wakati. Amesema nirudie dawa, kipimo kilekile, ikirudi tena niende hospitali moja kwa moja. Nimemeza leo mchana. Kilipita pale pa jeraha kama msumari.


Jumatatu, 24 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja. Nimeambiwa nisubiri. Basi nasubiri na kuandika, mkono ukae bize.

Asubuhi Dada Mkubwa aliweka kidonge kwenye kisahani. Nikamwambia nitakimeza kazini. Alinitazama tu. Dada Mkubwa asiposema kitu, ni king'ora.

Chumba cha kuonjea: meneja, Spana na bandeji yake, mimi. Chupa moja, kipimo cha zamani. Spana akatoboa nyingine ya mkupuo uleule, akatikisa. Mshale palepale pa siku zote. Meneja akanipa ishara. Mama, onja, useme.

Nikapiga funda.

Ikaniuma! Ikaniuma hadi machozi yakatoka. Meneja aliyaona, akapanua uso wote, akasema mnaona, hii ina gesi, gesi kamili. Akamgeukia Spana. Spana alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikaizungusha kinywani. Kulia, moto. Kushoto, maji ya sukari. Ilikuwa inauma pale pa meno tu. Soda haijanirudia, kidonda ndicho kilichoonja.

Neno lilikuwa moja, "safi," na lingekuwa kweli, geji shahidi. Meneja alishalisema kwa niaba yangu, mimi nilitakiwa nikae kimya tu. Kimya changu wanakipenda.

Nikatoa kidonge mfukoni. Nikakiweka kwenye ulimi waone, kisha nikakimeza kwa soda ileile.

Nikasema, na ulimi ulivyovimba sijui kama nilisikika vizuri: "Hii ni dawa ya kifafa, meneja. Ninacho tangu usichana. Dawa inaua gesi kinywani mwangu. Mtambo wa Spana ulikuwa mzima siku zote, alipandisha kwa neno langu. Mbovu nilikuwa mimi."

Meneja alirudi nyuma. Hatua moja. Mgongo ukagusa ukuta, kichwa kikawa katikati ya GEJI na ULIMI. Akauliza kama inaweza kunitokea hapahapa. Akaitazama chupa mkononi mwangu, kisha kikombe changu pale kwenye sinki. Nilijua anakoelekea. Nilishakiona kikombe kingine kikielekea huko.

Spana akanipokonya ile chupa. Hakuifuta mdomo. Akainua, akainywa yote iliyobaki, bila kupumzika, koo likipanda na kushuka. Akateuka. Sijawahi kusikia mtu mzima akiteuka hivyo mbele ya meneja.

"Ina gesi, meneja," akasema.

Nikampa meneja namba ya daktari. Tukaenda wote ofisini kwake, mimi akanitoa nje. Mlango haufungi vizuri tangu mvua za mwaka jana, kwa hiyo nasikia nusu nusu. Ndiyo, daktari. Ndiyo. Kimya kirefu. Mitambo? Kimya. Haambukizi kabisa? Akarudia, kama mtu anayesoma bei: haambukizi. Kisha akashusha sauti, nikakosa.

King'ora cha zamu kimelia. Mstari umekaa tu. Chupa ya kwanza ya chungwa imesimama mwanzo wa mkanda, na sheria ni ileile ukutani: haiendi popote mpaka ionjwe. Wasichana wa lebo wamejipanga mlangoni, wananitazama. Yule wa huruma amepotewa, hajui sasa anihurumie kwa lipi.

Spana ametoka ofisini. Hajanitazama bado. Ameenda mstarini, amechukua ile chupa, amechukua kifungulio. Geji kaiacha mezani — hapana, amerudi, ameichukua na geji, iko chini ya kwapa la mkono mzima. Amesimama katikati, nyuma yake mlango wa meneja umefunguka nusu.

Anakuja huku na vyote viwili —